Nyumba Ndogo Katika Ardhi ya Waosage

Kuna vitabu ambavyo mtu akivisoma utotoni humfanya apende kusoma, na akivisoma uzeeni humfanya aulize maswali. Kimojawapo ni Little House on the Prairie cha Laura Ingalls Wilder, kilichotolewa Marekani mwaka 1935. Mimi sikukisoma utotoni, kwani shule niliyosoma haikuwa na vitabu vya hadithi vya namna hiyo. Nilikutana nacho nikiwa tayari mkufunzi, ndani ya kasha la vitabu vya msaada lililoletwa katika chuo cha ualimu nilichokuwa nikifundisha. Tangu hapo nimekisoma mara nyingi, mara nyingine kwa ajili ya somo na mara nyingine kwa kujifurahisha tu, na sasa nikiwa nimestaafu naona vema niandike jinsi ninavyokipima. Nitakipima kama historia, maana ndivyo kinavyosomwa na wengi. Watoto wa Marekani kwa vizazi kadhaa wamejifunza kutoka humo jinsi nchi yao ilivyopata wakazi.

Kwa ambaye hakukisoma, kisa ni hiki. Baba, mama na watoto wa kike watatu wanaondoka katika misitu ya Wisconsin kwa gari la turubai linalokokotwa na farasi. Wanavuka mito, wanafika kwenye mbuga ya majani marefu isiyo na mwisho, na baba anajenga nyumba ya magogo. Wanachimba kisima, wanaugua homa, wananusurika moto wa mbugani, wanaishi kwa hofu na wenyeji wa nchi ile. Mwishoni wanapata habari kwamba askari wa serikali watakuja kuwatoa, nao wanaacha kila kitu na kuondoka.

Nchi hiyo ina jina na mipaka. Ni kaunti ya Montgomery, kusini-mashariki mwa jimbo la Kansas, na mji wake mkuu ni Independence. Kaunti ya huko ni kama wilaya kwetu. Mwandishi alizaliwa Februari 1867, na familia yake ilikaa pale tangu 1869 hadi 1871. Yaani alikuwa kati ya miaka miwili na minne, umri ambao mtu hawezi kukumbuka mengi. Aliandika yale aliyosimuliwa na wazazi, aliyoyatafuta kwa barua, na aliyoyabuni mwenyewe, huku binti yake Rose Wilder Lane, aliyekuwa mwandishi pia, akimsaidia kuhariri. Katika kitabu mtoto Carrie anafika Kansas akiwa ndani ya gari. Katika Biblia ya familia imeandikwa kuwa Carrie alizaliwa huko huko Montgomery, Agosti 1870. Kitabu kinasema nyumba ilikuwa maili 40 kutoka Independence. Watafiti walioitafuta baadaye wameiweka maili zipatazo 13. Mama na binti walipofunga safari kuitafuta wenyewe mwaka 1933, walielekea Oklahoma, jimbo jingine kabisa. Kwa makosa ya namna hii simlaumu mtu. Riwaya ya watoto si daftari la mpima ardhi.

Nitangulize sifa, maana kitabu kinazistahili. Sijapata kusoma kitabu cha watoto kinachoeleza kazi za mikono kwa uangalifu kama hiki. Baba anatengeneza mlango bila msumari hata mmoja, na mwandishi anatueleza vigingi vya mbao, matundu yake, na kamba ya kitasa inayopenya nje. Ukitaka mgeni aingie unaiacha ikining'inia, usipotaka unaivuta ndani. Mtoto akimaliza sura hiyo anaweza kuchukua panga na kujaribu. Sura ya kisima ni nzuri zaidi. Kila asubuhi, kabla ya mtu kushuka, baba huteremsha mshumaa kwa kamba: ukizimika, chini kuna hewa mbaya. Jirani aitwaye Scott anaona ni upuuzi, siku moja anashuka bila kupima, anazimia, na baba inambidi amfuate shimoni. Hapo ndani mna fizikia, kemia na uraia pamoja, wala mwandishi hatangazi kwamba anafundisha. Nimewaambia wanachuo mara nyingi kuwa ukitaka kujua maana ya kufundisha bila kuhubiri, soma sura ya kisima. Nayo sura ya Krismasi, ambamo jirani mseja anavuka kijito kilichofurika akiwa amebeba vikombe vya bati na peremende kichwani ili watoto wa mwenzake wasikose zawadi, naomba msomaji aisome mwenyewe. Mimi hunigusa kila mara.

Sasa tuje kwenye ardhi.

Kitabu kinaiita nchi ile nchi ya Wahindi, na kinasema baba alikuwa amevuka mpaka kwa maili tatu kwa sababu wanasiasa wa Washington walieneza habari kwamba si kitu. Msomaji anabaki akidhani lilikuwa suala la mpaka usioeleweka na serikali kigeugeu. Mambo hayakuwa hivyo. Kansas ilikuwa jimbo kamili tangu Januari 1861. Ndani ya jimbo hilo mlikuwa na ardhi ya taifa la Waosage (sitaki kutumia lile jina letu la Wahindi Wekundu, ambalo kwa msomaji wa pwani yetu huleta picha ya duka la vitambaa), ardhi ambayo serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa imewaandikia katika mkataba wa mwaka 1825, baada ya kuwatoa katika nchi kubwa zaidi upande wa mashariki. Mwaka 1865, katika kituo cha biashara kilichoitwa Canville, Waosage walitia saini mkataba mwingine uliokata sehemu ya mashariki na ya kaskazini. Kilichobaki kiliitwa, kwa lugha ya ofisi, akiba iliyopunguzwa. Sehemu kubwa ya kaunti ya Montgomery imo ndani ya akiba hiyo.

Tazama mfuatano wa miaka. Mwaka 1867 wabunge wa Kansas wanachora kaunti na kuipa jina la jenerali aliyeuawa Quebec mwaka 1775. Mwaka 1869 kaunti inapata uongozi wake, na mji wa Independence unaanzishwa. Vibanda vyake vya kwanza viliezekwa kwa majani ya mbugani, mpaka watu wakauita mji wa nyasi. Sensa ya mwaka 1870 inahesabu watu 7,564. Wakati huo wote hakuna hata ekari moja ambayo mlowezi yeyote angeweza kuonyesha hati yake. Walikuwa na maofisa, walikuwa na ugomvi mkali juu ya mji upi uwe makao makuu, na hawakuwa na ardhi. Kaunti ilikuwa ya Kansas kwenye karatasi na ya Waosage kwa haki.

Waliitamani ardhi hiyo si wakulima peke yao. Mei 1868 kampuni moja ya reli ilipata mkataba, kupitia mkurugenzi wake William Sturges, wa kununua ekari zipatazo milioni nane kwa bei isiyozidi senti 20 kwa ekari. Walowezi walipiga kelele mpaka Washington, na mkataba ule haukupitishwa. Wengine husimulia habari hiyo kama ushindi wa wanyonge dhidi ya matajiri. Ni kweli kwa kiasi chake, lakini walowezi hawakuwa wakiwatetea Waosage. Walikuwa wakiitaka ardhi ile ile kwa ajili yao. Julai 15, 1870 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamisha Waosage na kuwauzia walowezi ekari 160 kwa mtu, kwa dola 1.25 kwa ekari. Tarehe 10 Septemba mwaka huo huo, kando ya kijito cha Drum Creek, humo humo Montgomery, Waosage walikubali. Nasema walikubali, msomaji azingatie kwamba maelfu ya watu walikuwa tayari wamelima katika mashamba yao na kukata miti yao.

Kijito hicho hakimo katika kitabu, sheria hiyo haimo, wala bei haimo. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaomtetea mwandishi kwa kusema: alikuwa mtoto, anatuonyesha dunia kwa macho ya mtoto, na mtoto hajui mikataba. Hoja hiyo ilinitosha kwa muda, mpaka nilipoisoma tena sura ya homa.

Katika sura hiyo familia yote inaanguka kwa homa ya vipindi, baridi na kutetemeka vikifuatwa na joto kali. Sisi hatuhitaji kuelezwa ni ugonjwa gani. Jirani mmoja anasema wamekula matikiti maji. Wengine wanalaumu hewa ya usiku. Sura inapokaribia kwisha mwandishi anajitokeza yeye mwenyewe, mtu mzima wa mwaka 1935, na kutwambia kwamba siku zile hakuna aliyejua kuwa ile ni malaria na kwamba huletwa na mbu. Bila shaka hakuna aliyejua, maana Ronald Ross alimwona kijidudu ndani ya mbu mwaka 1897. Mwandishi aliona kuwa si haki kumwachia msomaji mdogo imani ya matikiti, basi akaweka macho ya mtoto kando kwa sentensi chache akasahihisha. Alikuwa na uwezo huo, aliutumia, na hadithi haikuharibika. Kwa nini asiutumie kwa habari ya ardhi? Kufikia 1935 Drum Creek ilikuwa imepita miaka 65, na sheria ya 1870 ilikuwa imechapishwa. Kuhusu mbu tumepewa elimu ya 1935. Kuhusu Waosage tumeachwa na elimu ya jirani Scott, anayeamini kwamba ardhi ni ya atakayeilima.

Tena aliyewatibu homa ile alikuwa daktari mweusi, George Tann, na huyu ni mtu wa kweli. Sensa ya 1870 inamtaja miongoni mwa majirani wa akina Ingalls, na kaburi lake liko Independence. Katika kitabu anaonekana kama mganga aliyekuwa safarini akiwahudumia wenyeji, anawanywesha kwinini, anawaokoa wote, kisha anatoweka. Nisingependa kuwa mkali mno hapa, kwani kumtaja kwa heshima mwaka 1935 halikuwa jambo dogo. Lakini msomaji anayeamini kuwa mbuga ile ilifunguliwa na watu weupe peke yao angefaidika kujua kwamba mwokozi wa familia alikuwa mlowezi jirani, mwenye makazi yake, na siyo mpita njia.

Ukishaujua mfuatano huo wa miaka, sura nyingine zinaanza kusomeka upya. Chukua siku baba anapowapeleka Mary na Laura kutazama kambi iliyo tupu. Wanaona majivu ya moto, matundu ya nguzo za mahema, nyayo za akina mama waliopika. Watoto wanaokota shanga nzuri za rangi mpaka jioni, wanarudi nazo nyumbani. Sura imeandikwa kwa upole, na mtoto anayesoma huona ni matembezi ya kupendeza. Lakini lugha yetu ina neno mahame, yaani mji uliohamwa kabisa, na ina neno dago, yaani kambi ya wavuvi wanaoondoka na kurudi kwa msimu. Mvuvi akienda baharini huwezi kuingia dagoni mwake ukaokota vyombo vyake kwa kuwa hayupo. Waosage walipanda mahindi, maharage na maboga majira ya kuchipua, wakaenda magharibi kuwinda nyati, wakarudi kuvuna, kisha wakaenda kuwinda tena kabla ya baridi kali. Mtu mwenye kalenda hiyo mkononi anajua kuwa ile ilikuwa kambi ya watu waliokwenda kutafuta nyama. Kitabu kinaitazama kama mahame.

Vivyo hivyo wanaume wawili wanaoingia nyumbani baba akiwa hayupo, wakaamuru mama awape mkate wa mahindi na kuchukua tumbaku. Mtoto anajificha nyuma ya ubao, moyo unamdunda, na sisi tunajificha naye. Kwa ufundi wa kusimulia ni ukurasa mzuri sana. Kinachokosekana ni jambo moja. Miaka ile viongozi wa Waosage walikuwa wakiwatoza walowezi malipo kwa kukaa katika ardhi yao. Sidai kuwa kila aliyeingia nyumba ya mlowezi alikuwa mtoza kodi. Vijana wakorofi hawakosekani katika taifa lolote, tena watu wale walikuwa na njaa, wanyama wao wakiwa wamefukuzwa. Nasema tu kwamba anayechukua mkate kwa mpangaji asiyelipa haitwi mwizi moja kwa moja.

Moto wa mbugani nao unapita. Majirani wanasema wenyeji wameuwasha ili kuwaunguza. Baba anakataa, anasema wao huchoma majani kila mwaka ili yachipue mapya na njia zipitike. Mfugaji yeyote wa kwetu angemuunga mkono. Nimeitaja sehemu hiyo kwa haki ya mwandishi, kwani baba wa kitabuni ni mtu mwenye akili kuliko majirani zake, na mara kadhaa anawasemea Waosage maneno ambayo mama hapendi kuyasikia.

Lakini huyo huyo baba, binti yake anapomwuliza swali lenyewe, yaani kama hii ni nchi ya Wahindi, je, hawatakasirika kufukuzwa, humwambia anyamaze alale. Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na huwaonyesha ukurasa huo kama mfano wa mtoto aliyeuliza swali bora kuliko yote darasani akaambiwa afunge daftari. Wengine husema kwamba kwa kuliweka swali hilo mwandishi ametuonyesha aibu ya baba. Huenda. Ila swali lisilojibiwa katika kurasa zote zinazofuata, halafu likazikwa chini ya machozi ya kuuacha mlango mzuri na dirisha jipya la kioo, hugeuka pambo.

Kuelekea mwisho kuna sura mbili za kelele za usiku. Ngoma na vilio vinasikika kutoka bondeni siku nyingi, baba analala na bunduki. Baadaye tunaambiwa kuwa makabila yalikuwa yakijadiliana kuwaua walowezi, na kiongozi mmoja aitwaye Soldat du Chêne ndiye aliyezuia. Jina hilo mwandishi alilipata kwa barua. Watafiti hawakumpata kiongozi wa jina hilo miongoni mwa Waosage wa 1870. Majadiliano ya kweli yalikuwapo mwaka ule, pale Drum Creek. Hoja yao ilikuwa nini? Kama wauze au wasiuze, na waende wapi. Watu wanaojadili kupotea kwa nchi yao wamefika kwetu kama mayowe gizani. Mtoto kitandani asingeweza kusikia zaidi ya hayo, nakubali. Mwandishi wa miaka 68 angeweza.

Kisha inakuja picha ambayo kila aliyesoma kitabu anaikumbuka. Waosage wanapita mbele ya nyumba kwa msururu mrefu wa farasi, wanaume, wanawake, watoto, kutwa nzima, mpaka wa mwisho anazama magharibi. Laura anamwona mtoto mchanga mwenye macho meusi ndani ya kikapu, analia akimtaka baba ampatie mtoto yule. Nimesoma wahakiki wanaouona ukurasa huu kuwa kilele cha huruma, na wanaouona kuwa kilele cha ubinafsi: ardhi haikutosha, sasa anataka na mtoto. Mimi nauona kuwa ukurasa wa kweli kuliko yote kitabuni. Msichana amehisi kwamba jambo kubwa linapita, hana neno la kulitaja kwa sababu watu wazima wamemnyima, basi linamtoka kama kilio cha kutaka kitu. Laiti mwandishi angeingia hapo na sentensi zake chache, kama alivyoingia kwa ajili ya mbu.

Baada ya hapo akina Ingalls nao wanaondoka, na kitabu kinatuachia picha ya pande mbili zilizoonewa na Washington kwa usawa. Usawa huo haukuwapo. Kufikia majira ya kuchipua ya 1871 sheria ilikuwa upande wa walowezi: ekari 160 kwa dola 200, na waliobaki walizipata. Sababu moja iliyo wazi ya familia hii kuondoka ni kwamba mtu aliyenunua shamba lao la Wisconsin alishindwa kumaliza deni, shamba likarudi mikononi mwa baba. Walikuwa na mahali pa kurudi. Waosage walinunua nchi yao mpya kutoka kwa Wacherokee kwa fedha zilizotokana na kuuzwa kwa ile ya Kansas, nayo leo ni kaunti ya Osage, Oklahoma. Kule chini ya mawe mlikutwa mafuta, na miaka ya 1920 waliuawa kwa ajili yake. Hiyo ni habari nyingine, na imekwisha kuandikwa vizuri.

(Mwandishi alipenda kuikuza historia ya kaunti ile hata nje ya kitabu. Mwaka 1937, akihutubia huko Detroit, alisema baba yake alishiriki kuwasaka akina Bender, familia ya wauaji waliozika wasafiri katika bustani yao kaunti ya jirani. Maiti zile zilifukuliwa Mei 1873; akina Ingalls walikuwa wameondoka miaka miwili kabla.)

Kitabu kimesahihishwa mara moja. Mwanzoni mwake palikuwa na maelezo kwamba katika nchi ile hapakuwa na watu, ila Wahindi tu. Msomaji mmoja aliandika kulalamika mwaka 1952, mwandishi, akiwa hai bado, akakubali, na katika toleo la 1953 neno watu likawa walowezi. Sifa kwa msomaji yule na kwa bibi yule aliyekubali. Hata hivyo angalia kilichotokea kwa sarufi peke yake: neno moja limebadilika, na kurasa zote zilizofuata zimebaki zikiendeshwa na lile neno la kwanza. Mwaka 2018 chama cha wakutubi wa watoto cha Marekani kililiondoa jina la Wilder kwenye tuzo ambayo yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kupewa, mwaka 1954. Magazeti ya huko yalichafuka. Binafsi sikuona sababu ya kulia wala kushangilia. Tuzo ni ya anayeitoa. Kilichonishangaza ni jinsi pande zote mbili zilivyobishana juu ya moyo wa mwandishi, mwema au mbaya, na wachache wakauliza kuhusu Montgomery.

Kiswahili kinatusaidia kuuliza. Mlowezi anatokana na kulowea, kuhamia nchi ya watu na kuizoea mpaka usiondoke. Neno lenyewe linakiri kwamba nchi ina wenyewe. Tena jirani zetu wa Kenya wana neno skwota. Chini ya serikali ya kikoloni, kwa sheria ya mwaka 1918, skwota alikuwa Mwafrika aliyeishi na kufanya kazi katika shamba la mlowezi, mara nyingi juu ya ardhi ambayo babu zake waliilima au kuichungia. Kwa Kiingereza cha Kansas ya 1870, neno hilo hilo liliwahusu watu weupe kama Charles Ingalls, waliokaa kwenye ardhi isiyo yao. Neno moja, na katika nchi zote mbili aliyepewa hati mwishowe ni yule yule. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Waosage wangekuwa na la kuongeza.

Kuna wanaoniuliza kama ningekiondoa kitabu hiki katika maktaba ya chuo. La hasha. Ningeweka kando yake The Birchbark House cha Louise Erdrich, cha 1999, kinachosimulia utoto wa msichana wa Waojibwe kwa upendo ule ule wa kazi za mikono, sukari ya miti na ngozi na mashua, wakati watu weupe wanaingia. Na kwa wanachuo wanaojiandaa kufundisha historia ningeongeza karatasi moja tu, ukurasa wa sensa ya Agosti 1870 wa tarafa ya Rutland, kaunti ya Montgomery. Akina Ingalls wamo, hata Carrie aliyezaliwa mwezi huo huo. Mahali pa kuandika thamani ya ardhi yao pako wazi. Karani aliyepita nyumba kwa nyumba, mtu ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuwapendelea Waosage, aliandika maelezo kwamba ardhi hizi ni za Waosage na walowezi hawana hati.

Zoezi ni kuisoma sura ya kambi tupu, kisha ukurasa huo, kisha kuiandika sura upya kutoka kwa mwanamke aliyerudi kutoka kuwinda akakuta shanga zake hazipo. Huchukua vipindi viwili.